Kwa anayeanza kuchanganya brekibiti na sauti za mazingira

Wengi wanaoniletea kazi zao za kwanza za muziki huu huja na mradi wenye njia arobaini za sauti. Riverbu (mwangwi wa bandia) juu ya riverbu, sampuli, yaani vipande vya sauti iliyorekodiwa, za mvua, za ndege, za treni, na chini yake brekibiti, yaani ngoma iliyotolewa kwenye wimbo wa zamani pale ilipopigwa peke yake (breki), waliyoipakua ikiwa imeshakatwa tayari. Kila kitu kimo na hakuna kinachosikika. Ukimuuliza mwenyewe ile ngoma inafanya nini baa ya tatu (baa ni kipimo cha midundo minne), hajui. Basi tuanzie hapo hapo.

Chukua breki iliyosampuliwa kuliko karibu zote, ile ya The Winstons, bendi ya soul ya Marekani, kwenye "Amen, Brother" ya mwaka 1969. Wenzake wananyamaza, Gregory Coleman anapiga ngoma peke yake baa nne, sekunde 7 hivi, imekwisha. Baa mbili za mwanzo zinafanana. Ya tatu, snea (ngoma ndogo yenye mlio mkali) ya mwisho inachelewa. Ya nne analiacha pigo la kwanza wazi, anaingia kwa kuyumba, na toazi linalia mapema kuliko sikio linavyotegemea. Vijana wa London waliotengeneza jungle, muziki wa brekibiti za kasi, mwanzoni mwa miaka ya 1990 walichota mno humo, na bado hakujakauka.

Ikate kwa mkono. Programu nyingi zinaweza kukukatia zenyewe, lakini kati ya snea kubwa mbili Coleman anapitisha vipigo vidogo, fimbo inagusa ngozi tu. Programu ikikata kwa vipimo sawasawa, vipigo hivyo hupasuliwa katikati au hubaki mkiani mwa kipande kisicho chake. Vuta picha ya wimbi karibu, kata pale pigo linapoanza, na acha mkia wake uishe wenyewe. Ni kazi ya jioni nzima. Ukiimaliza utakuwa na vipande unavyovifahamu kimoja kimoja, na kuvipanga upya kutakuwa rahisi.

Halafu kasi. Ngoma ile ilipigwa kama midundo 137 kwa dakika, na jungle inakwenda 160 hadi 170 na kitu. Unaweza kuiharakisha kama sahani ya santuri, sauti nayo ikapanda karibu nusutoni nne (nusutoni ni hatua moja ya kinanda), au ukaiambia kompyuta iongeze kasi bila kugusa sauti. Wageni hupenda njia ya pili kwa kuwa inaonekana safi. Mimi nasema ya kwanza: snea inakuwa kavu na kali, na hapo ndipo muziki huu ulipopata rangi yake. Aliyekulia kwenye singeli hahitaji kushawishiwa. Vipande vya taarab vilivyokimbizwa mpaka 200 na zaidi vimemzoesha.

Sasa jambo ambalo ningependa ulishike kuliko yote. Ndani ya 170 kuna 85. Ngoma ikikimbia 170, besi na sauti ndefu zitembee kwa 85, au zisihesabu kabisa. Msikilizaji anapata miendo miwili kwa wakati mmoja, na hapo ndipo ambienti, muziki wa sauti ndefu zilizotulia, na brekibiti zinapokaa nyumba moja bila kugombana. Ukizikimbiza zote, utabaki na kelele.

Sauti za mazingira zina matatizo yake. Mvua juu ya bati ni nzuri mno, kila mtu anairekodi, na kila mtu inamzika. Sababu ni kwamba imejaa kote, kuanzia sauti nene hadi nyembamba, na huko juu inakalia eneo lilelile la haihati na matoazi mengine ya ngoma. Punguza mvua kuanzia kilohezi 6 (hezi ni mitetemo kwa sekunde) kwenda juu kila ngoma inapoingia, kisha iachie inapotoka. Chini ya hezi 150 ondoa kabisa. Huko kuna upepo na mikono yako tu.

Mngurumo wa friji nao ni mali. Umeme wetu unakwenda hezi 50, kwa hiyo friji na transfoma hunguruma hasa kwenye 100. Noti ya G iliyo karibu ni hezi 98. Ushushe mngurumo huo theluthi moja ya nusutoni, andika besi yako kwenye G, na chumba kizima kitaimba na wimbo. Ukirekodi kwa simu, izime mtandao, iweke juu ya nguo, ondoka. Acha dakika tano. Usiishike mkononi.

Msikilize pia KMRU, mwanamuziki wa ambienti wa Nairobi, hasa albamu yake "Peel" ya 2020. Humo hakuna ngoma ya kukubeba, na utajifunza sauti moja inaweza kukaa muda gani kabla haijachosha. Ni muda mrefu kuliko unavyodhani.

Kama laptopu yako inakupa nafasi isiyo na mwisho, jiwekee mipaka. Mashine ya kusampuli ya E-mu SP-1200 ya mwaka 1987 ilibeba sekunde 10 tu za sampuli, na kipande kimoja hakikuzidi sekunde 2.5. Watu walicheza santuri ya 33 kwa kasi ya 45 ili kubana nafasi, kisha wakaishusha ndani ya mashine, na ule ukwaruzo uliotokea ukapendwa. Jaribu wimbo mmoja kwa sekunde 10 za sampuli. Usijali ukitoka mbaya.

La mwisho ni la karatasi. Coleman alifariki mwaka 2006 bila kulipwa mrabaha wa zile sekunde 7. Richard Spencer, kiongozi wa bendi, alipewa pauni 24,000 mwaka 2015, nazo ni mchango wa mashabiki. Kwa hiyo fungua daftari leo: wimbo uliokata, mpigaji, mwaka, dakika na sekunde. Kama ni fidla kutoka kanda ya taarab ya shangazi yako, tafuta kikundi kilichoipiga kabla hujaitoa kazi. Mara nyingi mpigaji au watoto wake wapo, na kuongea nao mapema ni rahisi kuliko kuongea na wakili wao.