Maswali ya Wasomaji: Mtoto asiyejua kusoma asomewe vitabu?

SWALI: Mhariri, nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi Makorora, Tanga. Mkubwa yuko darasa la nne na mdogo ana miaka miwili na nusu. Mwalimu wa mkubwa alituhimiza wazazi tuwasomee watoto vitabu kwa sauti tangu wakiwa wadogo. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye na hajui kusoma, anasema mtoto wa umri huo haambulii kitu, na kwamba akitaka hadithi yeye atamtolea ngano kwa Kidigo. Tena vitabu vyenyewe nyumbani ni viwili tu. Je, sitakuwa ninapoteza wakati?

JIBU: Hupotezi wakati, dada yangu, na wala mama mkwe wako hajakosea katika yote. Ngano anazomtolea mjukuu wake zinamfundisha kutega sikio, kukumbuka lililotangulia na kungojea litakalofuata, na mtoto anayekua na lugha mbili nyumbani hapati hasara kwa sababu hiyo. Bibi aendelee, nawe usome.

Kuhusu umri, madaktari wa watoto nchini Marekani, kupitia chama chao cha American Academy of Pediatrics, walitoa mwongozo mwaka 2014 kwamba wazazi washauriwe kuwasomea watoto kwa sauti tangu uchangani. Kwa hiyo mwanao wa miaka miwili na nusu hajawahishwa hata kidogo.

Hebu yasikilize maneno tunayowaambia watoto kutwa nzima: njoo ule, vaa viatu, usiguse jiko, nani kamwaga maji. Ni maneno mafupi ya shughuli, na mengi ni ya kuamrisha. Fungua sasa kitabu chembamba cha watoto, uone jinsi chui anavyonyemelea, mbuzi anavyoghadhibika na mto unavyofurika, huku vitendo vikifuatana, akaenda, akachungulia, akarudi mbio, hadi kisa kifike mwisho. Mtoto ambaye hakusomewa huenda akakutana na maneno ya namna hiyo kwa mara ya kwanza akiwa darasani, tena peke yake. Jambo hili lina uzito wa pekee katika Kiswahili, kwa kuwa maandishi yetu husomeka karibu sawasawa na yanavyotamkwa, na mtoto aliyefundishwa silabi vizuri anaweza kuutamka ukurasa mzima bila kukwama. Lakini kuelewa alichokitamka kunategemea kama maneno yale alikwisha kuyasikia na kuyaonja maana. Kwa maoni yangu, hapo ndipo kumsomea mtoto kunapomfaa kuliko mahali pengine popote.

Namna ya kusoma nayo ina maana kubwa. Mpakate, kitabu kiwe mbele yenu nyote wawili, yeye ndiye afunue kurasa, nawe upitishe kidole chini ya maneno taratibu ili azoee kwamba sauti yako inatoka kwenye yale maandishi na kwamba yanakwenda kutoka kushoto kuelekea kulia. Usikimbilie mwisho. Mkifika kwenye picha ya sungura aliyejibanza nyuma ya gogo, muulize, "Unadhani amejificha kwa nini?" kisha nyamaza umpe nafasi. Akionyesha mto na kusema "maji" tu, mwongezee: "Ndiyo, maji ya mto, yamejaa mpaka ukingoni." Neno lake moja limekuwa sentensi, na kesho huenda akakurudishia nusu yake. Akichoka na kushuka mapajani kabla hamjamaliza, mwache. Dakika kumi baada ya chakula cha usiku zinatosha kwa umri wake.

Vitabu viwili visikuvunje moyo, kwani watoto hupenda kurudiwa, na kila mnaporudia anashika jambo ambalo jana lilimpita. Ukivichoka wewe, Maktaba ya Mkoa iko hapo hapo mjini. Nenda ukaulize utaratibu wa kuazima vitabu vya watoto. Unaweza pia kuchukua daftari, ukachora ngalawa ya Sahare au samaki anayeparwa magamba, ukaandika chini yake maneno aliyoyasema mwanao mwenyewe. Hata ngano za mama mkwe zinaandikika humo: yeye asimulie, wewe uandike, na jioni mtoto asomewe hadithi ya bibi yake huku bibi akisikiliza na kukusahihisha.

Siku ambazo wewe umechoka, mwachie kitabu huyo wa darasa la nne. Atamsomea mdogo wake, naye atapata mazoezi ya kusoma kwa sauti mbele ya msikilizaji asiyemcheka anapokosea.