Kwa anayejiandaa kuwinda elki Colorado kwa mara ya kwanza

Ndugu zangu wa miji ya Denver na Aurora hapa Colorado mnaoniuliza mnunue bunduki gani, hilo liacheni kwanza. Jiulizeni nyama mtaitoaje msituni. Elki ni jamii ya kulungu, lakini dume lake hufika kilo 300 na zaidi, na hakuna gari linalofika alipoangukia.

Mwaka wangu wa kwanza nilimpiga jike jioni, chini kabisa ya korongo, mwendo wa kilomita nne kutoka barabarani. Tulikuwa wawili. Tulipasua kwa taa za kichwani hadi usiku mwingi, tukabeba hadi kesho yake alasiri. Paja moja tuliliacha na ngozi yake, tukiamini baridi ya usiku inatosha. Asubuhi lilikuwa linanuka kwenye nyonga, tukalitupa. Linaniuma mpaka leo, maana ni nyama ya kulisha familia wiki kadhaa.

Kwa hiyo chuneni papo hapo. Manyoya yale hutunza joto, na nyama ya paja huanza kuharibika ndani, karibu na mfupa, wakati nje inaonekana nzuri. Mapaja, mikono, sarara na shingo vitieni kwenye mifuko ya kitambaa inayopitisha hewa, mvitundike kivulini. Mifuko ya plastiki msiiguse. Wakati wa kukata, kumbukeni sheria inataka alama ya jinsia, yaani kiungo kinachoonyesha ni dume au jike, ibaki imeshikana na nyama.

Miguu na mapafu vianze kuandaliwa Juni. Mimi hupanda ngazi na vilima na kilo 20 mgongoni. Denver iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Mawindo mengi yako kati ya 2,500 na 3,300, na huko kichwa huuma na pumzi hukata. Fikeni siku mbili kabla, mnywe maji mengi.

Karatasi ni jambo fupi: aliyezaliwa kuanzia 1 Januari 1949 lazima awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji, na maombi ya vibali vya kuwinda vinavyotolewa kwa bahati nasibu hufungwa mapema Aprili. Msimu wa bunduki, vaeni rangi ya chungwa au waridi inayong'aa, kifuani na kichwani.

Shabaha ya bunduki iliyoegemezwa mezani isiwadanganye, mlimani hakuna meza. Zoeeni kupiga mmekaa, mmepiga magoti, bunduki juu ya begi, mkiwa bado mnahema. Lengeni nyuma ya bega, chini ya nusu ya kifua. Mwisho wangu wa kupiga ni mita 200.

Upepo unaopeleka harufu yenu ndio unaowafukuza elki kabla hamjawaona. Alfajiri hewa baridi huteremka na bonde, jua likishapasha miteremko hupanda. Asubuhi basi namwendea kutoka chini, mchana kutoka juu. Nikimwona jioni ng'ambo ya korongo na sina watu wa kubeba, namwacha.

Na kwetu Waislamu, bismillahi itamkwe unapofyatua. Ukimkuta bado hai, mchinje, kwa hiyo kisu cha kuchinjia kikae kiunoni, kisizikwe ndani ya begi.