Mketishe mgonjwa kabla ya kupima anavyofunga meno

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya meno, hili lijaribuni kwanza vinywani mwenu. Kaa wima, tazama mbele, gonganisha meno polepole bila kukaza. Sasa inua uso utazame dari, gonganisha tena: meno yanakutana nyuma zaidi. Inamisha kidevu kifuani, yanakutana mbele zaidi. Hakuna jino lililohama. Kilichohama ni taya la chini.

Taya hilo limening'inia kwenye misuli na viungo viwili vilivyo mbele ya masikio. Kichwa kikienda nyuma, misuli na nyama za chini ya kidevu hutanuka na kulivuta nyuma na chini. Mgonjwa akilala chali, uzito wa taya lenyewe huongeza kulirudisha kooni. Hata ile nafasi ya milimita 2 hadi 4 kati ya meno wakati taya limepumzika hubadilika.

Mwenye meno mengi imara akikaza, tofauti haionekani sana, kwa kuwa vilima na mabonde ya meno huliongoza taya mahali pake. Hatari kubwa iko kwa asiye na jino hata moja. Ukimpima kwa nta, ile anayoifungia taya ili ibaki na alama ya zinavyokutana, akiwa amelala, bila wewe kuliongoza taya kwa mkono kwa utaratibu uliofundishwa, meno bandia yatakutana vizuri kitini na kumsumbua mezani. Mtu hali chakula akiwa chali! Hula ameketi, kichwa kimeinama kidogo juu ya sahani.

Mimi humketisha mgonjwa wima, nyayo zimetulia, na kiegemeo cha kichwa nakiondoa kisimsukume kisogo. Namwomba atazame mbali ukutani. Mstari wa kutoka tundu la sikio hadi ukingo wa chini wa tundu la jicho, uliokubaliwa na wanasayansi huko Frankfurt, Ujerumani, ulingane na sakafu kwa makadirio ya macho. Mzee aliyepinda mgongo usimnyooshe kwa nguvu. Mpime katika mkao anaoishi nao.

Angalia pia maneno yako. Ukimwambia bibi "ng'ata", mara nyingi atasukuma kidevu mbele. Mwambie: "Bibi, rudisha ncha ya ulimi nyuma juu kwenye kaakaa, meza mate, halafu funga polepole." Rudieni mpaka afunge palepale kila mara, ndipo uweke nta.

Kwenye kuziba jino tunajisahau zaidi, maana foleni ni ndefu na mgonjwa tayari amelala. Weka karatasi ya rangi, ile inayoacha alama meno yanapogusana, akiwa chali, sawa, lakini mketishe ujaribu tena, kisha ainamishe kichwa kama anayekula. Alama mpya ikitokea juu ya kizibo, ipunguze hapohapo. Na kama ganzi haijaisha, asiposikia kitu haina maana kwamba kizibo kiko sawa: mwambie arudi akihisi jino hilo linagusana kabla ya mengine.