Mwanangu, hao wazee wanakumbuka tarehe

Mwanangu,

Meseji yako niliisoma jana usiku, nikaanza kujibu kwenye simu nikaona hapana, hili halijibiki kwa mistari miwili. Ulinitumia kile kipande cha video cha mzee mwanasiasa anayewaambia wanajeshi warudi kambini, kashikwa mkono ndo akapanda jukwaani, karatasi inatetemeka, katikati akapotea mstari na watu wakacheka, alafu ukaniuliza, "Mama, hawa watu wa miaka 80 wanatafuta nini tena, si wapumzike tu? Na si ndo haohao walikula na jeshi enzi zao?"

Hilo la mwisho ndo zito, ngoja nianze nalo.

Ni kweli wengine walikula. Chukua Anthony Enahoro wa Nigeria. Mwaka 1953, akiwa na miaka 29, ndiye aliyesimama bungeni kupeleka hoja nchi yake ijitawale ifikapo 1956. Miaka kumi baadae serikali ya nchi hiyohiyo, sasa iko huru, ikamfunga kwa uhaini. Na waliomtoa jela mwaka 1966 ni nani? Wanajeshi. Wakampa na wizara ya habari, akawa msemaji wa serikali ya kijeshi kipindi chote cha vita vya Biafra, lile eneo lililotaka kujitenga na Nigeria. Sasa huyohuyo ndiye mwaka 1994, ana miaka 71, anaingia kwenye uongozi wa NADECO, ule muungano uliokuwa unamwambia Jenerali Sani Abacha achia nchi, akawekwa kizuizini miezi kadhaa, na mwaka 1996 akakimbilia uhamishoni akiwa babu mtu mzima. Alirudi 2000.

Wewe utasema mnafiki. Mimi nasema huyo ni shahidi, maana alikaa nao meza moja, anajua zile ahadi zinavyotungwa na nani anazitunga, na mtu wa hivyo akikwambia hawa hawaondoki wenyewe usimpuuze kisa zamani alikuwa upande wao. Ninachomdai ni kimoja tu, aseme wazi, "na mimi nilikuwemo." Mzee anayelalamika kwa sababu hakupewa cheo safari hii, huyo achana nae kabisa.

Sasa wanatafuta nini. Mwanangu, nyinyi vijana mkisikia mwanajeshi anasema kwenye redio tutakaa kidogo tusafishe nchi alafu tuite uchaguzi, mnasikia habari mpya. Mzee anasikia kitu alichokwisha kukisikia, anajua mpaka neno linalofuata. Kulekule Nigeria, Jenerali Ibrahim Babangida alichukua nchi mwaka 1985, akasema raia watarudishiwa nchi yao 1990. Ikasogezwa 1992. Ikasogezwa tena Januari 1993, alafu Agosti 1993. Katikati hapo watu wakapiga kura Juni 12, 1993, mgombea urais Moshood Abiola akawa anaongoza, na matokeo yakafutwa. Novemba mwaka huohuo yule Abacha akaingia madarakani, na Abiola akaishia kizuizini, akafia humohumo Julai 1998. Aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1985 tarehe hizi anazo kichwani mpaka leo. Myanmar nako, kule Asia, Februari 2021 wanajeshi walipindua serikali wakatangaza hali ya hatari ya mwaka 1, ikarefushwa na kurefushwa miaka ikapita. Lakini kule walikuwepo watu wazima waliokuwa na akili zao Machi 1962 jeshi lilipochukua nchi kwa mapinduzi mara ya kwanza, unadhani hao walihitaji kusubiri huo mwaka uishe ndo wajue?

Umeniuliza pia kwenye ile voisi kwamba si rahisi kwao kusema, hawana cha kupoteza. Hapo umenikera kidogo, nakwambia ukweli. Win Htein, mwanasiasa wa Myanmar, alikamatwa Februari 5, 2021, siku nne tu baada ya mapinduzi, ana miaka 79, na yeye mwenyewe zamani alikuwa mwanajeshi na jela keshakaa miaka mingi. Wakampiga miaka 20 jela kwa uchochezi. Hebu jumlisha mwenyewe 79 na 20. Nigeria nako Alfred Rewane, aliyekuwa anatoa hela zake kuisaidia NADECO, aliuawa kwa risasi nyumbani kwake Lagos Oktoba 1995, karibu ana miaka 80. Michael Ajasin aliongoza muungano huo akiwa na miaka 85, akafa Oktoba 1997, Abacha bado yuko madarakani, yani hata ile siku ya Mei 29, 1999 jeshi linakabidhi nchi hakuiona. Mtu mwenye miaka mitano ya kuishi ukimnyang'anya mitano umemnyang'anya yote.

Na kuna mmoja simsahau, Win Tin, mwandishi wa habari, huyu nae wa Myanmar. Walimfunga Julai 1989 wakamtoa Septemba 2008, miaka 19, kaingia mtu mzima katoka mzee wa nywele nyeupe. Alitoka na shati la bluu la jela, akasema sivai rangi nyingine mpaka wafungwa wote wa kisiasa watoke. Akawa anavaa bluu kila siku. Mwanangu fikiria asubuhi, mzee anafungua kabati, na anachagua lilelile, sio siku moja ya kupigwa picha, ni miaka mitano na zaidi, mpaka alipofariki Aprili 2014. Mimi nikiwaza lile shati nashindwa kabisa kusema wazee wapumzike. Apumzike wapi na wenzake wako ndani?

Sisemi vijana mmekaa tu, najua kijana akifungua mdomo anafukuzwa chuo, anakosa kazi, mtoto wake analala njaa, na wanaouawa barabarani wengi ni nyinyi. Ndo maana anatangulia mzee, kazi alishastaafu, watoto wameshakua, anajua askari akimsukuma mzee wa fimbo mbele ya kamera hata mama yake huyo askari ataona aibu. Sio kila mara inasaidia. Rewane haikumsaidia.

Sasa nina ombi. Kile kipande ulichonitumia kinaishia pale anapopotea mstari, watu wanacheka, basi. Nimekirudia mara tatu. Pale mwisho kabisa kabla hakijakatika anainua kichwa, karatasi anaishusha, mdomo unafunguka kama anataka kusema kitu bila kusoma. Nitafutie video nzima. Na kama uliisambaza hiyo fupi kwa wenzio, watumie na hiyo ndefu.

Mama yako.