Wazimu Jukwaani na Vitabuni: Maswali Yenu na Majibu

Maswali mengi mliyotuma safari hii yanahusu wahusika waliorukwa na akili katika tamthilia na riwaya za zamani. Nimechagua sita.

Hamlet, yule mwana wa mfalme katika tamthilia ya Shakespeare, alikuwa na wazimu kweli, au alikuwa akijifanya? Darasani tumegawanyika.

Katika tendo la kwanza anawaambia wenzake kwamba huenda akajitia kichaa. Baadaye anamwambia mama yake kuwa wazimu wake ni hila. Ugumu unaanza katika tendo la mwisho, anapomwomba Laertes msamaha na kudai aliyemkosea si yeye, ni wazimu wake. Ama anamdanganya kijana ambaye amemuulia baba, ama amefika mahali ambapo yeye mwenyewe haoni tena mpaka uko wapi. Mimi naegemea hilo la pili.

Ila kuna swali ambalo naona lina uzito zaidi: kujifanya kichaa kulimfaa nini? Katika kisa cha kale cha Denmark alichokiandika Saxo Grammaticus karibu na mwaka 1200, kijana Amleth anajifanya zuzu ili ami yake asimuue. Mauaji ya baba yake yanajulikana na kila mtu, na mrithi mwenye akili timamu angehesabiwa kuwa hatari. Shakespeare aliyafanya mauaji hayo kuwa siri, na hapo ile kinga ikageuka mtego. Claudius, ami muuaji katika tamthilia hiyo, anaanza kumchunguza Hamlet kwa sababu ya vile vituko hasa.

Katika tanzia za Wagiriki wazimu hutoka kwa miungu. Je, hiyo si njia ya kumwondolea mtu lawama?

Ingekuwa hivyo kama tamthilia zingeishia pale mtu anaporudiwa na akili. Haziishii hapo, na kwangu huo ndio utajiri wake. Katika tamthilia ya Euripides, mungu wa kike Hera anamtumia shujaa Herakles wazimu, naye anamuua mkewe na wanawe akidhani ni watoto wa adui. Anapozinduka haambiwi "pole, si wewe, ni mungu" na mambo yakaisha. Anajifunika kichwa, anataka kufa, anaogopa kwamba atakayemgusa atapata najisi. Rafiki yake Theseus anafika, anamwambia ajifunue, anamshika mkono na kumchukua kwenda naye Athens. Sehemu ya mwisho ya tamthilia inahusu jinsi rafiki anavyosimama karibu na mtu aliyevunjika.

Sophocles naye anafanya jambo linalofanana na hilo mwanzoni mwa tamthilia yake Ajax. Mungu wa kike Athena amemvuruga shujaa huyo akili hata amechinja mifugo akidhani ni majemadari wenzake waliomnyima silaha za Achilles. Mungu huyo anamwita Odysseus aje amcheke adui yake. Odysseus anakataa. Anasema anamhurumia, kwa maana katika hali ya yule anaiona hali yake mwenyewe.

Onyesho ninalolirudia kuliko yote ni lile la Wabakai, tamthilia iliyochezwa Athens mwaka 405 KK, baada ya Euripides kufariki. Agave, aliyetiwa wazimu na mungu Dioniso, ameingia jukwaani ameshika kichwa cha mwanawe Pentheus, anajisifu kwamba ameua simba. Mzee Kadmos, baba yake, hampigii kelele. Anamwambia atazame mbingu kwanza, amweleze kama zimebadilika. Kisha anamuuliza aliolewa na nani, na akazaa mtoto gani. Na mwisho: hicho ulichoshika ni kichwa cha nani? Ni swali moja baada ya jingine, polepole, na kila jibu linamsogeza karibu na ukweli usiovumilika. Sijui onyesho jingine la kale linaloonyesha kwa subira kama hiyo mtu akirudishiwa akili na anayempenda.

Mwalimu wangu amekataa insha niliyoandika kwamba King Lear, mfalme mzee wa Shakespeare, ana ugonjwa wa kusahau wa uzeeni. Alikosea?

Sidhani. Dalili unazoziona zimo, na si wewe wa kwanza kuziona. Lakini jina la ugonjwa halielezi kwa nini Lear asiye na akili anaiona haki vizuri kuliko Lear mfalme. Akiwa ameparaganyika kabisa, katika tendo la nne, ndipo anapomuuliza mzee Gloucester nani hakimu na nani mwizi, wakibadilishana nafasi, na kusema kwamba majoho hufunika maovu ambayo matambara huyaanika. Kama unataka tiba ndani ya tamthilia hiyo, soma anavyozinduka mbele ya binti yake Cordelia: amelala usingizi mrefu, amevishwa nguo safi, muziki unapigwa, na katika chapa ya 1608 daktari anaonya asilazimishwe kuukumbuka muda alioupoteza. Ni kinyume cha alichofanya Kadmos. Linganisha hayo mawili na utakuwa na insha nzuri.

Kwa nini wanawake wenye wazimu huimba na kugawa maua, ilhali wanaume hupewa hotuba ndefu?

Umeona sawasawa, na wasanii wa baadaye waliongeza chumvi. Wachoraji wa karne ya 19 walimpenda Ophelia, yule binti wa tamthilia ya Hamlet, akielea majini na maua yake, mzuri na kimya. Rudi kwenye tamthilia. Malkia, mama yake Hamlet, hataki hata kuonana naye. Anakubali anapoambiwa kwamba maneno ya binti huyo, ingawa hayana mpangilio, yanaweza kuwatia watu shuku mbaya. Ophelia ameuliwa baba, na mazishi yamefanywa kwa siri. Ndani ya zile nyimbo kuna kifo, kaburi na mwanamume aliyevunja ahadi. Ikulu inamwogopa kwa sababu anasema yaliyokatazwa.

Kwa Bertha Mason hali ni mbaya zaidi. Katika Jane Eyre ya mwaka 1847 amefungiwa ghorofani, na habari za maisha yake ya awali tunazipata hasa kwa mume aliyemfungia. Charlotte Brontë mwenyewe alikiri katika barua ya 1848 kwamba hakutilia mkazo wa kutosha huruma aliyostahili. Jean Rhys alimpa mwanamke huyo maisha na sauti katika riwaya yake ya 1966. Ukitaka sauti ya ndani kabisa, tafuta hadithi fupi ya Charlotte Perkins Gilman ya mwaka 1892 kuhusu ukuta wenye karatasi ya manjano. Mume ni daktari, anamkataza mkewe kuandika ili apone, naye anaandika kwa kujificha. Gilman aliijua tiba hiyo kwa kupewa.

Je, ni vibaya kumcheka Don Quixote, yule mzee wa riwaya ya Cervantes anayejidhani shujaa wa farasi?

Cheka, Cervantes alitaka ucheke. Ila sehemu ya pili, ya mwaka 1615, inawaleta mtawala mmoja na mkewe wanaotumia mali na watumishi wao kumfanyia mzaha mzee huyo siku baada ya siku. Hapo kicheko kinaanza kukaa vibaya kooni, na msimulizi anasema wazi kwamba wanaomdhihaki ni wendawazimu kama yeye.

Ninaandika tamthilia yenye mhusika aliyechanganyikiwa. Nifanyeje asionekane wa kuchekesha au wa kutisha tu?

Usimpe maneno ya ovyo. Soma onyesho la Shakespeare ambapo Lady Macbeth, aliyeshiriki kumuua mfalme, anatembea usingizini. Tangu mwanzo amezungumza kwa ushairi, sasa anazungumza kwa nathari iliyokatikakatika, lakini karibu kila kipande tunakitambua kutoka usiku wa mauaji: kengele, damu, mlango unaogongwa. Hakuna kilichozuka hewani. Mwandishi wa Kirusi Gogol alifanya vivyo hivyo kwa tarehe mwaka 1835. Karani wake anaanza kuandika shajara kwa tarehe za kawaida, na siku anapojigundua kuwa mfalme wa Uhispania, shajara inasoma Aprili 43, mwaka 2000.

Halafu weka watu karibu naye, uwape kazi. Lady Macbeth anatazamwa na mtumishi na daktari, na hofu yao ndiyo inayotufundisha namna ya kumtazama. Kabla hujaandika onyesho lako la kwanza, soma hadithi ya Mrusi mwingine, Chekhov, ya 1892 kuhusu wodi namba sita. Chekhov alikuwa daktari. Anamwandika daktari wa hospitali anayeanza kukaa na mgonjwa wa akili na kuzungumza naye kama mtu na mwenzake, na wenzake wanaona hilo ni dalili ya ugonjwa. Wanamfungia humo humo.