Uliza Ujibiwe: Afisa wa Kiingereza aliyeleta boti mbili Ziwa Tanganyika

SWALI: Shikamoo Mzee. Marehemu babu alikuwa akitusimulia habari za afisa wa Kiingereza wa Vita ya Kwanza, mwenye tatuu mwili mzima na aliyevaa sketi, aliyezishinda meli za Wajerumani huku ziwani kwetu. Je, mtu huyo alikuwepo kweli? Na kama alikuwa hodari kiasi hicho, mbona hatajwi kati ya maadmirali wa Uingereza?
Msomaji, Kigoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Babu yako hakuongeza chumvi, hata kwenye hiyo sketi. Mtu mwenyewe ni Geoffrey Spicer-Simson, na Waholoholo wa upande wa Kongo walimwita Bwana Chifungatumbo kwa sababu ya vazi hilo hilo.

Kuhusu uadmirali, lazima nikueleze kwanza jinsi afisa wa majini alivyopanda cheo enzi zile. Spicer-Simson alizaliwa mwaka 1876 huko Hobart, Tasmania, na akaingia Jeshi la Majini la Uingereza mwaka 1890, akiwa na miaka 14. Usishangae umri huo. Wakubwa wa jeshi waliamini samaki hukunjwa angali mbichi, basi watoto walifunzwa ndani ya Britannia, meli kuukuu iliyofungwa nanga katika mto Dart. Wazazi ndio waliolipa ada, kwa hiyo mtoto wa kibarua hata mlangoni hakufika.

Kutoka hapo kijana alipelekwa melini, akafanya mitihani, akawa luteni. Luteni akitimiza miaka minane katika cheo hicho aliongezewa utepe mwembamba begani na mkononi bila kuomba; mwaka 1914 ngazi hiyo ikapewa jina la luteni kamanda. Chujio lilikuwa mbele yake. Kuwa kamanda, na baadaye kapteni, hakukuja kwa kuhesabu miaka. Wizara ya Majini London ilichagua wachache tu, na aliyeachwa aliachwa. Ajabu ni kwamba ukishakuwa kapteni, foleni ilikusukuma yenyewe mpaka uadmirali, mradi uwe hai na umetumikia baharini vya kutosha. Kwa hiyo hatima ya afisa iliamuliwa akiwa na miaka thelathini na kitu, wakati wengi hawajapata hata nafasi ya kuonyesha walichonacho.

Spicer-Simson aliachwa. Mwaka 1915 alikuwa na miaka 39, bado luteni kamanda, amewekwa ofisini London kushughulika na makaratasi. Sababu hazikujificha. Aliwahi kugongana na mashua akiwa na manowari ndogo. Kisha Novemba 1914 meli ya Niger, iliyokuwa chini ya uongozi wake, ilizamishwa na nyambizi ya Wajerumani karibu na mji wa Deal, naye mwenyewe yuko nchi kavu. Wenzake pia walichoshwa na majigambo yake.

Lakini watu wanaomcheka husahau kwamba alikuwa na kazi aliyoijua vizuri: kupima kina cha maji. Alipima mto Yangtze kule China, kisha mto Gambia, kabla ya vita. Afisa mpimaji hushinda juani na timazi, akiandika vina siku baada ya siku. Kazi hiyo haina mizinga wala shangwe, na haikumpandisha mtu cheo haraka.

SWALI: Sasa mtu aliyewekwa ofisini alipataje kuongoza vita ziwani? Na kwa nini aliiogopa Goetzen, ile meli kubwa ya Wajerumani?
Msomaji huyohuyo

JIBU: Alipata kwa sababu maafisa wazuri walikuwa wanahitajika kwingine. Aprili 1915 mwindaji aitwaye John Lee alikwenda kwa wakubwa wa majini London na shauri kwamba Wajerumani wanaweza kung'olewa Tanganyika kwa boti za kasi. Admirali Henry Jackson akakubali. Spicer-Simson akapewa boti mbili za mbao zenye urefu wa futi 40, pamoja na cheo cha kamanda cha muda. Alitaka kuziita Paka na Mbwa. Wizara ikakataa, akaziita Mimi na Toutou, na hapo wakapitisha.

Safari ya kuzifikisha ndiyo ninayoiheshimu kuliko mapigano yenyewe. Kwa meli mpaka Cape Town, kwa treni mpaka Fungurume huko Katanga, kisha zaidi ya kilomita 200 kupanda na kushuka milima ya Mitumba, boti zikivutwa na matrekta ya mvuke na maksai. Mamia ya wenyeji walifyeka njia, wakajenga madaraja na kubeba maji ya kulisha mitambo ile. Nishani zilipogawiwa, wao hawakukumbukwa.

Tarehe 26 Desemba 1915 wakaiteka meli ndogo ya Wajerumani iitwayo Kingani, wakaibadili jina kuwa Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Kesho yake Graf von Goetzen, meli ya zaidi ya tani elfu moja, ikaja kumtafuta mwenzake. Spicer-Simson akaitazama kwa darubini, akakataa kutoka bandarini.

Unasema aliogopa. Mimi simlaumu kwa siku ile. Goetzen ilikuwa na mzinga wa milimita 105 uliotolewa katika manowari Königsberg, na boti ya mbao haisimami mbele ya kitu kama hicho. Ninalomlaumu ni la Juni, alipofika Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo, akaona mizinga juu ya boma, akarudi nyuma. Wajerumani wakatoroka, na ile mizinga ikabainika ni magogo. Baada ya hapo hakupewa tena kuongoza chombo vitani. Alituzwa nishani ya DSO, akarudi ofisini.

Hadithi nyingi humwachia hapo, na ni kumpunja. Mwaka 1921 ofisi ya kimataifa ya upimaji wa bahari ilianzishwa Monaco, na katibu mkuu wake akawa Spicer-Simson. Alikulia Ufaransa utotoni, kwa hiyo lugha haikumsumbua, na upimaji ndio uliokuwa fani yake tangu ujana. Alishika kiti hicho mpaka 1937. Alifariki Kanada mwaka 1947.

SWALI: Je, ni kweli MV Liemba ndiyo hiyo Goetzen?
Msomaji, Sumbawanga

JIBU: Ndiyo hiyo hiyo. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 kabla ya kuondoka Kigoma, lakini walipaka injini mafuta mazito ili zisioze. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kubeba abiria ikiwa na jina la Liemba. Wale mafundi wa Kijerumani waliopaka mafuta nitawaandikia toleo lijalo, maana nao walizamisha kazi ya mikono yao wenyewe: ndio waliokuja na meli hiyo vipande vipande kutoka Papenburg na kuiunga Kigoma.