Iboga inamaliza uteja kweli?

SWALI: Dokta shikamoo. Kaka angu anavuta unga miaka sasa, kuna jamaa kamwambia Gabon kuna mzizi unaitwa iboga, ukila usiku mmoja tu arosto inakata, na anaweza kumletea pakti kwa hela. Tumpe?
Dada mtu, Kigogo, Dar

JIBU: Marahaba dada. Iboga ipo kweli. Ni maganda ya mizizi ya kichaka cha misitu ya Gabon na jirani zake, watu wa dini ya jadi ya Bwiti wanaila kwenye ibada, ngoma usiku kucha na wazee wanakuchunga. Hii habari ya unga ilianza 1962, Mmarekani Howard Lotsof, mwenyewe teja wa heroini, alimeza ibogaini inayotoka kwenye huo mzizi akashangaa arosto haimshiki, na siku hizi watu wanaifuata mpaka kliniki za kulipia huko Mexico. Ila sasa inavuruga mapigo ya moyo na kuna watu wamekufa, ukichanganya na heroini au methadoni (dawa ya hospitali ya kutibu uteja wa heroini) ndo balaa zaidi, halafu hata arosto ikikata, mwili umeshapoteza uzoefu, akirudia kipimo chake cha zamani anaweza asiamke. Kliniki za maana zinapima moyo kwanza, huyo jamaa wa pakti atapima nini? Msimpe. Mpelekeni Muhimbili, methadoni ipo toka 2011 na ni bure, anakunywa kila siku mbele ya nesi. Inachosha, najua. Na aseme ukweli kama kashaonja huo mzizi.